Praima ya epoksi kwa gari unalolifufua: maswali tunayoulizwa kila wiki gerejini Kigoma

Maswali haya yanatufikia gerejini kwetu Gungu karibu kila wiki, mengine kwa simu kutoka Kasulu na Uvinza. Wengi wanaouliza wana gari moja la kulifufua: Land Rover 109 ya marehemu baba, Hilux ya mnada, Corolla iliyolala miaka chini ya mwembe. Fedha zinakuja kwa mafungu, na maduka makubwa ya rangi za magari yako mbali. Nimejibu nikiwa na hali hiyo kichwani. Maswali yana namba ili nisirudie maneno. Ukiona "tazama swali la 9", nenda huko kwanza.

## Misingi

1. Praima ya epoksi ni nini hasa, na ina tofauti gani na red oksaidi?

Ni rangi ya kwanza kabisa juu ya bati tupu. Inakuja katika makopo mawili: praima yenyewe na hadina yake, dawa ya kuigandisha. Ukivichanganya, vinashikana kikemikali na kuwa ngozi moja ngumu. Red oksaidi ya kopo moja inakauka kwa tina (kiyeyusha rangi) kuruka na hewa kuigusa, epoksi inaiva. Ikishaiva, huirudishi tena kuwa majimaji hata uisugue na tina mchana kutwa.

Red oksaidi tunaipaka kwenye mageti na haina ubaya wowote huko, maana geti utalipaka tena mwakani. Kwenye gari ni habari nyingine. Ukipuliza juu yake rangi yenye tina kali inalainika na kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Na usidanganywe na rangi yake: kuna epoksi nyekundu, ya kijivu, nyeupe na nyeusi. Wekundu hauzuii kutu, wala kijivu si alama ya epoksi.

2. Praima ya kujaza ya 2K (ya makopo mawili) si inatosha? Hiyo nayo ina hadina.

Kazi zake ni tofauti. Praima ya kujaza ina unga mwingi ndani, ndiyo maana inakaa nene na inakubali msasa kirahisi. Unga huohuo unaifanya inyonye maji. Ukiacha gari lenye praima hiyo peke yake nje msimu wa mvua, kutu inaanza chini yake nawe huioni mpaka rangi ivimbe.

Epoksi inashika bati na kufunga njia ya maji na hewa. Kujaza mashimo si kazi yake. Mpangilio tunaoutumia ni huu: bati, epoksi, puti palipobonyea, praima ya kujaza, msasa, rangi. Kama fedha inatosha praima moja tu, nunua epoksi na uongeze mikono (yaani tabaka) miwili ya kusugua. Itakuchosha zaidi kwenye msasa kwa sababu ni ngumu, lakini bati litakuwa salama.

3. Kwa hiyo kila gari linaihitaji?

Hapana. Gari lenye rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri, lenye mikwaruzo tu, lisugue na upulize. Epoksi ni ya pale ulipofika kwenye bati, ulipochomelea, au ulipokuta kutu.

4. Praima ya asidi je? Nimeambiwa ianze hiyo, kisha epoksi.

Praima ya asidi inang'ata bati kwa asidi ya fosforasi na inapakwa nyembamba sana. Inashika vizuri, ila si kizuizi cha maji. Asidi iliyobaki inaweza kuizuia hadina ya epoksi isifanye kazi yake, ndiyo maana watengenezaji wengi hawaruhusu zikutane, na puti nayo haitaki kukaa juu ya asidi. Chagua moja. Mimi nachagua epoksi, isipokuwa karatasi ya mtengenezaji wa epoksi yako inaruhusu hiyo ya asidi kwa maandishi.

## Kununua

5. Nikishika kopo dukani, niangalie nini?

Kwanza hadina. Uliza iko wapi kabla ya kuuliza bei. Kopo lisilo na hadina yake ya jina moja, kampuni moja, usilinunue hata likishushwa bei mara mbili.

Pili, uwiano wa kuchanganya uliochapishwa kwenye kopo: 1 kwa 1, 2 kwa 1, 4 kwa 1. Kila kampuni ina wake na hakuna ulio bora kuliko mwingine. Tatu, tarehe. Nne, uzito wa kitu chenyewe: tikisa. Likigonga kama lina udongo chini, limekaa sana. Linaweza kukorogeka likarudi sawa, lakini bei ipungue.

Baada ya hapo tafuta karatasi ya maelezo ya kitaalamu ya bidhaa hiyo. Kampuni za maana zote zinaiweka bure kwenye intaneti. Muuzaji akikupa jina kamili utaipata kwa simu yako ukiwa umesimama palepale kaunta. Soma vitu vitatu: asilimia ya yabisi kwa ujazo (ile sehemu inayobaki kwenye bati tina ikisharuka), muda wa kupaka mkono unaofuata bila kusugua, na kama ina zinki fosfeti, dawa inayosaidia kuzuia kutu. Kopo ambalo huwezi kulipatia karatasi hiyo popote mimi naliacha, hata kama mwenye duka ni rafiki yangu.

6. Ipi ni ya bei nafuu kweli?

Bei ya kopo haikuambii chochote mpaka uigawe kwa eneo. Hesabu ni nyepesi: chukua asilimia ya yabisi, zidisha kwa 10, gawanya kwa unene unaoutaka kwa maikroni (maikroni 1,000 ni milimita moja). Jibu ni mita za mraba ambazo lita moja iliyochanganywa itafunika.

Tuseme, kwa mfano tu, kuna epoksi A ya shilingi 60,000 kwa lita pamoja na hadina, yabisi asilimia 60, na epoksi B ya shilingi 45,000 kwa lita pamoja na hadina, yabisi asilimia 35. Unataka unene wa maikroni 50. A inafunika mita 12, sawa na shilingi 5,000 kwa kila mita ya mraba. B inafunika mita 7, karibu shilingi 6,430. Ile ya rahisi ndiyo ghali. Sehemu kubwa ya kopo B ni tina inayorukia mwembe wa jirani.

Jumlisha pia hadina kama inauzwa peke yake, tina yake maalumu, na nauli ya mzigo. Mteja alishaniletea praima aliyoipata kwa bei ya kutupa, kisha tukagundua hadina yake inapatikana Dar es Salaam tu. Ilikaa kwenye rafu miezi minne.

7. Gari moja linakula lita ngapi?

Nje tu ya gari dogo la saluni ni kama mita za mraba 10 hadi 12. Kwa yabisi asilimia 50 na maikroni 50, lita moja inafunika mita 10, kwa hiyo kwenye karatasi unahitaji lita 1.2. Lakini bunduki ya rangi ya kawaida inapoteza nyingi hewani, na mafundi wengi hapa tunatumia bunduki za bei ya chini. Hesabu upotevu wa asilimia 40 na ununue lita 2 za mchanganyiko. Ukivua gari lote, ndani ya milango, sakafu, buti, chini ya boneti, zidisha mara mbili. Chesesi ya Land Rover ihesabu peke yake na uipake kwa brashi (swali la 16).

8. Huku kwetu kuna epoksi ya boti na meli. Naweza kuipaka gari?

Hili ndilo swali la Kigoma hasa, na jibu ni ndiyo, kwa sehemu zake.

Epoksi za meli za kampuni kama Jotun, Hempel au International zimetengenezwa kwa chuma kinacholala majini. Yabisi yake mara nyingi iko juu, zinauzwa kwa makopo makubwa, na ukifanya hesabu ya swali la 6 zinaweza kuishinda epoksi ya magari kwa bei ya mita. Kwa chesesi, ekseli, sakafu upande wa chini, ndani ya madigadi na fremu ya kubebea mzigo, sioni sababu ya kutafuta kingine.

Shida iko kwenye sura ya nje. Nyingi zimekusudiwa kukaa nene, maikroni 100 na zaidi kwa mkono mmoja. Ukiipuliza kwa bunduki ya gari inatoka na vinundu kama ganda la chungwa. Zinaiva taratibu, msasa unaziba haraka, na mistari ya mlango uliyoitengeneza siku tatu inapotea chini ya unene. Boneti na milango zitafutie epoksi ya magari. Huko chini mwaga ya meli. Kuchanganya aina mbili kwenye gari moja si kosa. Kosa ni kuchanganya hadina ya moja na praima ya nyingine.

Epoksi ya sakafu za nyumba iache kwenye sakafu. Imetengenezwa kwa saruji.

9. Kuna duka linanipimia hadina kwenye chupa ya maji. Nichukue?

Usichukue. Nakuambia kwa uchungu. Niliwahi kuchukua nusu lita ya hivyo, muuzaji akaniapia kuwa ni yenyewe, "hadina ni hadina tu, fundi." Nilipuliza boneti na milango miwili ya Land Cruiser. Baada ya wiki tatu bado ukigusa kidole kinaacha alama. Mwenye gari anakuja kila jioni, anagusa, anatikisa kichwa, anaondoka. Mwisho nilikwangua yote kwa tina na kisu cha puti, siku mbili kamili, kisha nikanunua seti mpya kwa fedha yangu.

Hadina ya epoksi si sawa na hadina ya rangi ya 2K wala ya puti. Ya puti ni ile kirimu ya tyubu, na haiivishi epoksi hata ukiimwaga yote. Hata hadina sahihi, ikishafunguliwa na kukaa kwenye chupa ya plastiki isiyofungwa vizuri, inaharibika kwa unyevu wa hewa.

10. Nikiagiza kutoka Dar es Salaam au Mwanza, niangalie nini?

Omba seti iliyofungwa, praima na hadina, tina ya kampuni hiyohiyo, na picha ya tarehe kabla hujatuma fedha. Hivi ni vitu vya kushika moto. Vipelekwe kama mzigo uliotangazwa kwa msafirishaji anayekubali bidhaa hizo. Usivifiche kwenye begi chini ya kiti cha basi lenye watu. Kutoka Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na kopo litabanwa na kugongwa. Likifika limebonyea mdomoni, lifungue mbele ya aliyekuletea. Agiza na msasa katika mzigo huohuo. Msasa mzuri nao huku una bei.

## Kuandaa bati

11. Kutu ikibaki kidogo, epoksi si itaifunika?

Itaifunika usiione, na itaendelea kula. Epoksi inazuia maji na hewa ya nje, lakini kutu ina vitundu vilivyokwishashika unyevu. Safisha mpaka bati ling'ae: grainda yenye diski ya waya, kisha msasa, na kwenye vidoti vyeusi vilivyozama tumia ncha ya brashi ya waya au mchanga wa kupuliza kama unapatikana. Palipotoboka pakatwe.

Chuma kinachonyimwa hewa na maji hakiozi, na mfano tunao hapa ziwani. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen mwaka 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo ikaonekana bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la MV Liemba. Ilipakwa ikiwa safi. Hapo ndipo wengi tunapokosea.

Kuhusu dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi: zina asidi, na mabaki yake makavu yanazuia epoksi kushika. Ukilazimika kuitumia, fuata maelekezo ya kuiosha, kausha, sugua tena mpaka bati lionekane.

12. Msasa namba ngapi?

Namba 80 hadi 180 kwa bati tupu. Epoksi inahitaji mikwaruzo ya kushikia. Nimeona vijana wanalainisha bati kwa namba 400 mpaka linateleza kama sahani, kisha praima inabanduka na kucha. Sugua kavu. Maji juu ya bati tupu kwenye msimu wa mvua yanaleta kutu ya manjano kabla hujamaliza kunywa chai.

13. Nisafishe kwa petroli?

Usithubutu. Petroli ina viongezeo vinavyobaki kwenye bati, na ni njia rahisi ya kuchoma gereji. Mafuta ya taa ni mabaya zaidi, yanaacha utando.

Anza na maji na sabuni kabla ya msasa, wakati rangi ya zamani ingali juu, ili usisukumie uchafu ndani ya mikwaruzo. Baada ya msasa tumia kisafisha mafuta cha mafundi rangi na vitambaa viwili vya pamba: cha kwanza kimelowa, cha pili kikavu kinafuata nyuma kabla dawa haijaruka. Dawa ikikaukia kwenye bati imeyarudisha mafuta palepale. Geuza kitambaa kila mara.

Adui mkubwa ni silikoni ya dawa za kung'arisha dashibodi na matairi. Tone moja linafanya praima ikimbie na kuacha vitundu vya mviringo. Mimi naviita macho ya dagaa.

## Kuchanganya na kupuliza

14. Nikiongeza hadina, si itakauka haraka?

Hapana. Hili linawaangusha hata wazoefu, kwa sababu kwenye puti tumezoea kuongeza kirimu. Epoksi na hadina yake vinashikana kwa kiwango maalumu. Kilichozidi kinabaki humo kikiwa laini, kinanata, kinanyonya maji. Pima kwa ujazo kama karatasi inavyosema. Tumia kopo lililonyooka, upana sawa juu na chini, na kijiti ulichokitia alama. Koroga kopo la praima vizuri kabla ya kupima, mpaka chini pasiwe na matope.

Baadhi ya epoksi zinataka kukaa dakika 15 hadi 30 baada ya kuchanganywa ndipo zipulizwe. Nyingine hazihitaji. Karatasi itakuambia. Baada ya hapo una saa kadhaa, na joto linazikata: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, muda wa kufanyia kazi unapungua karibu nusu. Saa 8 mchana Tabora mwezi wa Oktoba si wakati wa kuchanganya lita 3 kwa mpigo. Changanya unachoweza kumaliza.

15. Tina gani?

Ya kampuni hiyohiyo, kwa kiasi kilichoandikwa, au usiweke kabisa kama karatasi inaruhusu. Tina ya bei poa ya kuoshea bunduki ioshee bunduki. Ukiitia ndani ya epoksi inakwenda haraka sana, juu panafunga, chini pamebaki tepetepe.

16. Sina kompresa. Naweza kutumia brashi?

Kwa chesesi, sakafu na kona za ndani, brashi ni nzuri kuliko bunduki: inasukumia epoksi kwenye mishono na haipotezi hewani. Tumia brashi ya nywele ngumu isiyopukutika, mikono miwili, na upake kingo na mishono kabla ya kwingine kwa sababu rangi huikimbia kingo. Kwa nje ya bodi roli ndogo inawezekana, ukikubali kusugua sana baadaye.

Wenye kompresa, umeme ukikatika katikati ya kazi msikate tamaa. Osha bunduki mara moja kwa tina, na mkono unaofuata uendelee ukirudi, ndani ya muda wa swali la 19.

17. Msimu wa mvua nifanye kazi au nisubiri?

Inawezekana kufanya, kwa kuchagua saa. Huku mvua zinashika kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, Mei. Ukisubiri kiangazi gari litakuzeekea. Kanuni ya viwandani ni bati liwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande unaanza kutokea, na unyevu wa hewa usipite asilimia 85. Kama huna vipimo, pitisha kitambaa chenye unyevunyevu kwenye bati. Alama ikikauka yenyewe ndani ya robo saa, endelea. Ikibaki, kunywa chai.

Bati la asubuhi ni baridi kuliko hewa, na Kibirizi au Ujiji karibu na maji utaliona limelowa hata kama hakujanyesha. Subiri mpaka saa 4 asubuhi. Acha kupuliza saa 9 alasiri ili epoksi ipate joto la kutosha kabla ya usiku. Toa maji kwenye tangi la kompresa kila baada ya kazi na weka kichujio cha maji kwenye mpira.

Ukikuta asubuhi epoksi ina utando wa mafutamafuta au weupe, ni hadina imeguswa na unyevu ikiiva. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, sugua. Ukipaka rangi juu ya utando huo itabanduka.

18. Kinyago cha vumbi kinatosha?

Hakitoshi. Kile cha kitambaa au cha hospitali hakizuii mvuke. Tafuta chenye vichujio viwili vya mvuke wa kemikali, na vikianza kupitisha harufu vibadilishe. Glavu za nitrile pia, kwa sababu hadina ya epoksi inaingia kwenye ngozi na mwili unaweza kuanza kuikataa. Ukishafika hapo, hata kugusa kidogo kunaleta vipele na kuwashwa, na hali hiyo hairudi nyuma. Usinawe mikono kwa tina, inafungua ngozi. Na jiko la mama lishe lisogezwe mbali na gereji siku hiyo, muda wa kupuliza na saa kadhaa baadaye.

## Baada ya kupuliza

19. Nisubiri muda gani kabla ya mkono unaofuata au rangi?

Kati ya mkono na mkono, mpaka mng'ao wa majimaji uondoke, kwa kawaida dakika 20 hadi 40. Kwa puti au rangi juu yake, angalia dirisha la muda kwenye karatasi. Ndani ya dirisha, tabaka jipya linashikana na la chini kikemikali bila kusugua. Zingine zinatoa siku moja, zingine hadi wiki. Likipita, sugua kwa msasa namba 320 au dodoki jekundu la mafundi rangi mpaka mng'ao wote uishe, kisha safisha.

20. Puti chini ya epoksi au juu yake?

Juu. Puti inanyonya maji, kwa hiyo iwe na ngozi chini yake. Acha epoksi iive usiku mmoja, sugua kwa namba 80 au 120 palepale pa puti tu, paka. Kuna mafundi wazuri wanaoipaka puti kwenye bati tupu kisha kufunika kwa epoksi, na kazi zao zinadumu. Tofauti ni kwamba wao hawaachi kazi njiani. Kama fedha yako inakuja kwa mafungu, epoksi ianze.

21. Fedha imeisha. Gari linaweza kukaa na epoksi tu miezi sita?

Kutu, itavumilia. Jua, hapana. Epoksi haipendi jua: uso unageuka unga, ukipitisha kiganja kinatoka cheupe. Ndani ya banda, chini ya turubai lisilogusa bodi, miezi sita si tatizo. Nje kwenye jua la kwetu, sugua unga wote mpaka ufike kwenye ngozi ngumu, kisha puliza mkono mmoja mwembamba wa epoksi mpya kabla ya kuendelea. Kwa hiyo weka akiba kidogo kwenye kopo, praima na hadina zisizochanganywa, zimefungwa.

Turubai lililofungwa kwa kubana usiku wa mvua linafanya jasho. Acha hewa ipite.

## Kesi za pembeni

22. Naweza kupuliza juu ya rangi ya zamani?

Lowesha kitambaa kwa tina kali, kibandike kwenye rangi dakika chache, kisha futa. Ikitoka au kulainika, ni rangi ya kopo moja na itakunjamana, vua yote. Isipotoka na ikawa imeshika, sugua na upulize.

23. Land Rover yangu bodi ni alumini. Taratibu ni zilezile?

Karibu. Bodi za Land Rover zilitengenezwa kwa aloi ya alumini tangu 1948 kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita, lakini chesesi na ukuta wa mbele ya miguu ni chuma. Alumini usiisugue kwa brashi ya waya wa chuma, vipande vinabaki humo na kuanza kula. Tumia msasa mpya au dodoki, safisha, puliza siku hiyohiyo, kwani alumini inaanza kujivika utando mpya mara tu inapoguswa na hewa. Unga mweupe uliopo pale alumini inapokutana na chuma unaletwa na metali mbili kugusana penye maji. Paka epoksi pande zote mbili na weka kipande cha mpira kati kabla ya kufunga boliti.

24. Fundi ameweka kiraka cha bati la nyumba. Epoksi itashika?

Itashika ukisugua taratibu, na ni bora kuliko rangi za mafuta, ambazo zinki inazifanya zibanduke. Lakini bati la geji 30 lina karibu theluthi moja ya milimita, wakati bodi ya gari ni kama 0.7 hadi 0.8. Kiraka hicho kitabonyea ukiegemea. Tafuta mlango wa gari bovu ukate humo. Na kuchomelea bati la zinki kunatoa moshi unaoleta homa usiku.

Kuhusu kuchomelea baada ya epoksi: kwangua sentimita 5 kila upande. Epoksi inayoungua inatoa moshi mbaya na kuchafua mshono. Ukimaliza, kwangua weusi, paka tena.

25. Gari langu lilibeba chumvi ya Uvinza. Kuna la ziada?

Kuna. Chumvi inajificha ndani ya kutu, na ukisugua kabla ya kuosha unaikandamiza kwenye bati. Osha kwanza kwa maji mengi, ya moto kama unaweza, ukiingiza mpira ndani ya chesesi na mikunjo ya milango. Acha ikauke, osha tena siku ya pili. Maji ya ziwa yanafaa, Tanganyika ni maji baridi, yaani si ya chumvi. Ukishaona bati safi, subiri usiku mmoja: likitoa vidoti vya kutu asubuhi kwenye sehemu uliyong'arisha jana, chumvi bado iko, rudia kuosha. Magari yaliyobeba samaki waliotiwa chumvi yana shida hiyohiyo, pamoja na harufu ambayo hakuna praima itakayoifunika.

26. Imepita siku ya tatu na bado inanata. Nifanyeje?

Kama usiku ulikuwa wa baridi, toa gari juani na usubiri siku mbili zaidi. Ikianza kukubali ukucha, iko njiani. Isipobadilika, basi uwiano ulikosewa au hadina si yake, na hakuna mkono wa juu utakaoiponya. Kwangua yote, safisha, anza upya na seti iliyofungwa.